Uliza Fundi wa Sauti: Nataka kuongeza pawa ampli kwa homu thieta

Safari hii nimeziweka pamoja barua zote za pawa ampli manake zinafanana, toka Amu mpaka Watamu watu wanataka kuongeza nguvu kwa homu thieta zao. Kwa asiyejua, pawa ampli ni ile mashini isiyo na redio wala rimoti wala sehemu ya kuchagua dekoda, kazi yake ni moja tu, inapokea sauti ndogo kutoka kwa risiva (ile mashini kuu ya homu thieta inayochagua dekoda na kugawa sauti kwa spika) kupitia matundu yake ya PRE OUT yanayotoa sauti ambayo haijakuzwa, inaikuza, inaisukuma kwa spika basi. Naanza na barua ya ndugu wa Mkomani, ndani yake mna karibu kila kitu ambacho wengine mmeuliza.

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Mi niko Mkomani hapa Amu, nyumba ya mawe ya zamani. Nina risiva ya Denon ya chaneli 7, imeandikwa wati 90, spika mbili za mbele za kusimama, senta, mbili za nyuma na wufa yenye stima yake. Shida yangu tukiangalia filamu na watoto maneno hayasikiki, nikiongeza sauti milio ya magari na bunduki inatupasua masikio, nikipunguza maneno yanapotea tena. Kijana wa duka akaniambia risiva yangu haina nguvu ninunue pawa ampli ya chaneli mbili wati 200, nishatoa pesa nusu bado kuichukua. Nyuma ya risiva naona matundu yameandikwa PRE OUT. Spika zimeandikwa 8 ohms na 88 dB. Sasa hii ampli naiunga vipi na je itanitoa kwa hii shida?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Kabla sijakwambia waya gani unaenda wapi nakuomba usiende kuichukua hiyo ampli wiki hii, ngoja kidogo, manake hizo hela ni jasho lako na mi naona umepewa dawa ya ugonjwa mwingine.

Kwenye filamu maneno ya watu karibu yote yanatokea spika ya senta, ile ya katikati. Hiyo ampli yako ina chaneli mbili, utaunga spika ya kushoto na ya kulia, senta itabaki palepale kwa risiva. Yani spika inayokusumbua haijaguswa kabisa.

Halafu tuje kwa hizo wati. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 peke yake (desibeli, ama dB, ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ni tofauti ambayo sikio linaitambua ukisikiza kwa makini lakini si ya kumfanya mtu aruke. Ili usikie sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, na hizo desibeli 10 ni wati mara kumi, kwa hivo toka 90 zako ungetaka 900. Toka 90 kwenda 200 umeongeza desibeli tatu na nusu hivi. Basi, hiyo ndo bidhaa unayouziwa.

Tena angalia hiyo 88 dB ya spika zako, maana yake ukiipa wati moja tu, moja, na ukisimama mita moja mbele yake inatoa desibeli 88. Watu wawili wakizungumza kawaida ni desibeli 60 mpaka 65. Hata ukikaa mita tatu nyuma kwa kochi, hiyo wati moja bado ina sauti kushinda mtu anayeongea na wewe. Kwa hivo muda mwingi nyumba yako inatumia wati moja, mbili, haizidi hapo. Nguvu inadaiwa pale panapokuja mshindo wa ghafla, mlango umevunjwa, bomu limelipuka, mshindo uliopanda desibeli 20 unataka wati mara 100, ile moja inageuka 100 kufumba na kufumbua. Hapo ndo ampli kubwa ina kazi yake ya kweli na sikatai, mi nyumbani ninayo na siitoi.

Nani anaihitaji basi? Mwenye spika ngumu za desibeli 83 ama 84, mwenye spika za ohm 4 ambazo zinaitia risiva jasho (ohm ni upinzani wa spika kwa stima, ikiwa ndogo mzigo unakuwa mzito), mwenye sebule kubwa iliyofunguka mpaka barazani, mtu ambaye risiva yake inazimika yenyewe katikati ya filamu ama akiongeza sauti inakuwa kali, inachoma masikio na haina uzito. Wewe hujaniambia lolote kati ya haya. Faida moja ambayo ungepata ni hii, zile wati 90 kiwandani kwa kawaida zinapimwa chaneli mbili zikifanya kazi, ziingie zote 7 zinagawana transfoma ile ile moja na kila mmoja anapata pungufu, kwa hivo ukiziondoa zile mbili za mbele ukazipa ampli yake risiva inapumua na senta inapata zaidi. Ni faida ya kweli lakini ndogo kwa mtu anayetumia wati mbili.

Sasa ugonjwa wenyewe uko wapi. Mi naushuku ukuta. Nyumba za mawe za Amu nazipenda lakini kwa sauti zina tabia yake, kuta nene za matumbawe zimepigwa lipu ya chokaa, sakafu ngumu, chumba kirefu chembamba kwa sababu urefu wa boriti ndo ulioamua upana wa chumba. Sauti ikitoka kwa senta inagonga huku inagonga kule, neno la kwanza halijanyamaza la pili lishafika, na herufi nyembamba kama s na t na k ndo zinazomezwa, na hizo ndo zinazofanya neno lieleweke. Jaribu hivi, simama katikati ya chumba upige kofi moja kali, ukisikia mlio unabaki hewani unatetema kama sarafu imeanguka basi hata nikuletee ampli ya wati 1000 maneno hayatasikika vizuri.

Tandika zulia nzito kati ya kochi na TV, mkeka peke yake ni mwembamba hautoshi ila mkeka juu ya zulia sawa. Pazia nzito zenye mikunjo mingi kwa ukuta wa nyuma ama wa ubavuni, mito, godoro la kulalia watoto, kila kitu laini kinasaidia. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kama unazo ziache na vyombo vyake, zinaivunja sauti isirudi kwa mkupuo mmoja, lakini usitie spika ndani ya kidaka hata kama inaonekana kupendeza, itavuma besi kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Na tafadhali usitoboe hizo kuta kwa ajili ya spika, matumbawe yakishamomonyoka kuyarudisha ni kazi.

Kisha senta yenyewe. Barua nyingi nikiuliza senta iko wapi naambiwa iko ndani ya kabati chini ya TV. Itoe huko. Iweke ukingoni mwa meza isiwe na mbao mbele yake, iinue kidogo kwa kipande cha mti mpaka uso wake uangalie masikio yako si magoti. Ingia kwa menyu ya risiva upandishe senta desibeli 2 ama 3 peke yake, zingine usiguse. Denon nyingi zina mfumo wa Audyssey na ndani yake kuna kitu kinaitwa Dynamic Volume, iwashe, inashusha mishindo na kuinua maneno, kwa nyumba yenye watoto ni rehema. Cha mwisho, spika za mbele na senta ziandike Small kwa menyu, na ule mpaka wa kutenganisha besi (crossover) uuweke 80 Hz. Watu wanaona kuandika Small ni kuzidharau spika zao wamelipa pesa nyingi, lakini maana yake ni kuwa besi nzito zote zitapelekwa kwa wufa ambayo ina ampli yake ndani, na besi ndo inayokula wati kushinda kitu chochote, kwa hivo risiva inapata nafuu kubwa bila wewe kutoa hata shilingi.

Kaa na hayo wiki mbili. Ukiona umetosheka zungumza na mwenye duka kwa uzuri akubadilishie zile pesa kwa kitu kingine. Ukiona bado unaitaka, na ni haki yako, ningependa ubadilishe uchukue ya chaneli 3 ili na senta iingie. Kama haiwezekani basi hii ya chaneli mbili unaiunga hivi.

Zima kila kitu uchomoe kwa ukuta, usifanye kazi hii stima ikiwa ndani. Chukua kebo mbili za RCA, zile za vichwa vyekundu na vyeupe, toka PRE OUT palipoandikwa FRONT uende kwa matundu ya kuingilia ya ampli. Waya za spika za mbele zitoe kwa risiva uzihamishie kwa ampli, nyekundu kwa nyekundu nyeusi kwa nyeusi, hakikisha hakuna uzi mmoja wa shaba umetoka nje ukagusa wa pili. Senta na za nyuma zibaki kwa risiva. Na sikiza hili vizuri, usije ukaunga matundu ya spika ya risiva na matundu ya spika ya ampli pamoja eti nguvu ziungane, haziungani, zinasukumana na moja inaungua, pengine zote mbili. Ukiwasha anza na risiva ampli iwe ya mwisho, ukizima ampli iwe ya kwanza, la sivyo spika zitakupigia ule mshindo wa pwaa. Kama ampli ina tundu la 12V trigger na risiva nayo inalo, waya mmoja mwembamba unazifanya ziwake pamoja zenyewe.

Halafu pima upya sauti za spika na ile maikrofoni iliyokuja na risiva, na hapa ndo wengi wanaharibu. Ampli nyingi za nyumbani zinaikuza sauti kama mara 28, ukiipa volti 1 inatoa volti 28 na kwa spika ya ohm 8 hiyo ni karibu wati 100. Risiva yako ndani ina kipimo chake kingine, kwa hivo ukiunga ampli bila kupima tena spika za mbele zinaweza kuwa na sauti kubwa kuliko senta, na wewe ambaye ulikuwa unalia na maneno utayapoteza zaidi ya mwanzo. Maikrofoni iweke kwa stendi kimo cha masikio si juu ya mto, zima feni, funga madirisha, chagua saa ambayo hakuna adhana wala punda chini kwa kichochoro. Ikimaliza angalia namba, ukiona za mbele zimeandikwa -12 jua risiva imefika mwisho wa kushusha, ipunguze ampli yenyewe kwa kile kitufe chake cha nyuma kama kipo kisha upime tena.

Ile ampli yenye transfoma kubwa inaweza kufika kilo 15 na zaidi, kwa hivo ikivuka toka Mokowe ivalishe plastiki mbili usiiweke chini ya boti, maji ya chumvi yakiingia kabla hujaiwasha hata siku moja itakuuma sana.

SWALI: Mambo fundi, ni mimi kijana wa Barani hapa Malindi. Niko na homu thieta ya boksi imeandikwa wati 1000, dividii iko ndani, spika tano ndogo na wufa ambayo haina waya wake wa stima. Nataka niongeze ampli ndo nipate mdundo wa maana. Haina PRE OUT. Jamaa mmoja ameniambia nikate waya za spika nizifunge vichwa vya RCA ziingie kwa ampli. Niende nayo?

JIBU: Usikate kitu mdogo wangu. Sauti inayotoka kwa waya za spika tayari imekuzwa, ina volti nyingi, na ampli mpya inangoja volti moja ama mbili. Hilo la kwanza. La pili ndo baya zaidi, boksi nyingi za siku hizi waya mwekundu na waya mweusi wa spika zote mbili zina moto, ule mweusi si wa chini (wa ardhini) kama unavyodhani, ukiuunga na gamba la RCA ambalo liko chini umepiga shoti ampli ya boksi moja kwa moja. Kuna vile vikopo wanavyotumia mafundi wa redio za magari vya kushusha sauti ya spika iwe ya RCA, vile vyenye transfoma ndogo ndani vinaweza kufanya kazi hiyo bila kuunguza, lakini utakuwa umekuza, umeshusha, umekuza tena, na kila uchafu wa ampli ya kwanza umekwenda nao.

Na spika zenyewe? Geuza nyuma usome, boksi nyingi zinakuja na spika za ohm 3, na pawa ampli ya kawaida imeandikwa 4 mpaka 8, kwa hivo unaiweka ampli mpya kwenye mzigo ambao haikuumbiwa, na zile koni ndogo nazo hazikuumbiwa hiyo nguvu. Mojawapo itakufa.

Hizo wati 1000 nazo usizibebe kichwani. Geuza boksi utafute kibandiko kinachosema inakula wati ngapi kwa ukuta, ukikuta imeandikwa 100 na kitu basi hakuna mahali itatoa 1000 mfululizo, mashini haizalishi umeme. Hesabu hiyo hiyo itumie kwa viampli vidogo vya bei nafuu vinavyokuja na adapta, vile vya mkononi vimeandikwa wati 300 kwa juu. Soma adapta, ikiwa ni volti 24 na ampea 4.5 zidisha, unapata 108, hizo ndo wati zote zinazoingia na haziwezi kutoka zaidi ya hapo, gawa kwa spika mbili, toa na zinazopotea kwa moto. Sisemi vibaya hivyo viampli, mi navipenda, havipati moto sana kama zile za zamani na wati 40 safi kwa spika nzuri zinajaza chumba cha kulala na sebule.

Kwa hivo ushauri wangu, boksi iuze ikiwa bado nzima. Anza na spika mbili nzuri tu na kiampli kama hicho, uchukue sauti kutoka tundu la hedifoni la TV ama lile la optiko, linalotoa sauti kwa mwanga, kupitia kibadilishaji kidogo cha kuigeuza iwe ya RCA. Filamu kwa spika mbili nzuri inapendeza kuliko spika tano za plastiki, amini. Baadaye ukipata risiva ya mitumba hakikisha ina HDMI yenye ARC, yani inayorudisha sauti ya TV kwa risiva kwa kebo ile ile, hiyo ilianza na HDMI 1.4 mwaka 2009 kwa hivo hata za zamani kidogo zinayo, na mara hii geuza nyuma kabla ya kulipa utafute PRE OUT. Spika zako mbili zitakuwa za mbele na kiampli chako utakiunga hapo. Hakuna ulichotupa.

SWALI: Fundi habari, nakuandikia kutoka Watamu. Nimeunga pawa ampli ya mitumba kwa risiva vizuri kabisa kupitia PRE OUT lakini spika zinavuma mmmmm hata sauti ikiwa sifuri. Fundi wa stima alikuja akasema nitoe ule mguu mrefu wa pini ya ampli mvumo utaisha. Kweli utaisha?

JIBU: Utaisha pengine, na siku ampli ikivuja stima kwa bodi wewe ama mtoto wako akiigusa itakuwa ni nyie mnaopitisha stima kwenda chini badala ya waya. Ule mguu mrefu ni wa ethi, waya wa kijani na manjano, kazi yake ni kukuweka hai. Usiutoe, na huyo fundi mwambie kwa adabu lakini mwambie.

Mvumo huo mara nyingi unatokea pale mashini mbili zinapofika ardhini kwa njia mbili tofauti, stima inazunguka kwenye gamba la RCA na ampli inaikuza kama vile ni muziki. Stima yetu ni mizunguko 50 kwa sekunde ndo maana unasikia ule mlio mzito wa chini. Tafuta mwizi kwa utaratibu. Zima, chomoa RCA kwa upande wa ampli, washa tena. Ikiendelea kuvuma ampli yenyewe ina kasoro, mara nyingi kapasita kubwa za ndani zimezeeka, ipeleke kwa fundi. Ikinyamaza rudisha RCA kisha nenda nyuma ya dekoda uchomoe kebo ya dishi. Nimeenda nyumba nyingi hapa Malindi na mara nyingi hapo ndo mvumo unakata, manake dishi liko juu ya paa limefungwa kwa chuma lina njia yake ya ardhini na TV inayo nyingine. Ikiwa ni hiyo kuna kitenganishi kidogo cha kebo ya dishi kinauzwa, uliza kinachopitisha stima ya dishi manake kuna visivyopitisha na utakosa picha. Ikiwa si dishi, jaribu kuchomeka risiva, TV, dekoda na ampli zote kwa ekstensheni moja nzuri badala ya soketi za kuta tofauti. Ikishindikana tafuta kile kikopo cha transfoma cha RCA kinachokaa kati ya risiva na ampli, kinakata njia ya mvumo bila kugusa ethi.

Na muulize fundi mwingine akupimie kama hiyo ethi ya nyumba ipo kweli, kuna nyumba soketi zina matundu matatu lakini nyuma ya ukuta hakuna waya wa tatu.

Kama mvumo unatoka kwa tumbo la ampli na si kwa spika hiyo ni habari nyingine, transfoma inatetemeka. Wanaotumia inveta za bei ya chini za sola wanajua, zile zinazotoa umeme wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini, transfoma inanguruma na kupata moto. Pawa ampli isiendeshwe na hizo.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama, nilikuwa namtunzia nyumba Mtaliano huku Casuarina, alipoenda kwao akaniachia ampli yake na spika. Halafu kaka yangu kanitumia nyingine kutoka Marekani. Kijana wangu anataka kuzichomeka zote, naogopa.

JIBU: Marahaba dada, na umefanya vyema kuuliza kabla. Ya Mtaliano kwa stima yetu haina neno, kwao ni volti 230 na mizunguko 50, sisi ni 240 na 50, zinaelewana. Pini yake tu ndo haifanani na yetu, ile ya miguu mitatu ya mviringo iliyopangwa mstari, mpe fundi aweke pini yetu ya miguu mitatu yenye fyuzi na ule waya wa kijani na manjano aufunge asiuache ukining'inia. Ikiwa ni ya zamani sana imeandikwa 220V iangalie kama inapata moto kupita kiasi saa za kwanza.

Ya Marekani isichomekwe kabisa mpaka usome nyuma yake. Ikiwa imeandikwa 120V 60Hz peke yake na uichomeke kwa ukuta wetu unaipa mara mbili ya inachotaka, fyuzi ikikuokoa ni bahati. Zile za kutoka Japani ndo mbaya zaidi, kwao ni volti 100. Utahitaji transfoma ya kushusha, na isiwe ile ndogo ya kunyolea ndevu, kama ampli inakula wati 500 nunua ya 1000. Kuna ampli ambazo zina kiswichi cha volti nyuma, hizo fundi anageuza na kubadilisha fyuzi kisha mambo yanakwenda. Mwambie kijana aanze na ya Mtaliano, spika zake zishazoeana nayo.

SWALI: Fundi, niko Shela, Amu, nyumba inaangalia bahari. Ampli yangu ya mwaka mmoja spika ya kulia inakatakata, nikiitikisa waya inarudi. Ni ampli imekufa?

JIBU: Haijafa kaka, ni chumvi. Toa waya za spika uzitazame, bila shaka ncha zimegeuka kijani ama nyeusi. Zikate sentimita mbili tatu, uzichune upya mpaka uone shaba inang'aa, na ukiona ndani ni nyeupe kama bati basi uliuziwa aluminiamu iliyopakwa shaba, ibadilishe yote weka ya shaba tupu ya milimita 2.5 kama ni mwendo wa mita 10. Vichwa vya RCA na matundu yake vipanguse kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, vichomeke na kuvichomoa mara kadhaa vijisugue. Rudia kila msimu ukigeuka, wakati wa kusi ndo mbaya zaidi manake hewa yote inayoingia ndani imetoka baharini na imebeba maji. Ampli isikae dirishani. Iwashe hata kama husikizi, saa moja kwa siku chache chache, ule moto wake mdogo unaifukuza unyevu ndani, na juu yake iachie nafasi ya kiganja isiwekwe kitambaa cha urembo.